Sauti Iliyofungiwa Chumbani

Kila asubuhi, kabla hajanywa uji, Wame alikwenda kusimama mbele ya mlango wa chumba cha wazazi wake, akanyoosha kidole na kubonyeza ubao. Alibonyeza mahali pamoja, penye fundo la mbao karibu na kitasa, akatega sikio, kisha akabonyeza tena. Ubao haukusema kitu. Baba yake, Olebile, alimtazama kutoka kwenye godoro la sebuleni, ambako alilala tangu mazishi. Mwanzoni alidhani mtoto anachezea mlango. Zilipita siku kadhaa ndipo akaelewa kwamba anaomba.

Wame alikuwa binti wa miaka mitano na hakuwa na neno hata moja la mdomoni. Daktari wa Gaborone aliita hali hiyo usonji, akaeleza kwa utaratibu kinachojulikana na kisichojulikana. Mama yake, Gofaone, alikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya kijiji, kwenye kitengo cha watoto wa namna hiyo, na ndiye aliyeleta nyumbani kishikwambi chenye michezo. Kioo kilijaa picha. Ukigusa kikombe, kifaa kilisema kikombe. Ukipatanisha kikombe na kikombe, nyota iliruka. Sauti iliyokuja nacho ilikuwa ya mwanamke wa Kiingereza, na Wame aliposikia aliziba masikio. Gofaone akaiondoa. Alijifungia ndani ya gari ili kelele za kuku zisiingie, akarekodi maneno kwa Kitswana, moja baada ya jingine, kwa sauti aliyotumia akimwogesha mtoto. Maji. Mkate. Nje. Njoo. Acha.

Mchezo ukageuka kuwa kitu kingine. Siku moja Wame aligusa picha ya maji bila kuulizwa, akasubiri. Gofaone akamletea maji. Kuanzia hapo mtoto alijua kwamba kinachoguswa huletwa, na ndani ya mwaka mmoja alikuwa anaagiza mkate, anakataa mayai, anadai kutolewa nje, yote kwa sauti ya mama yake.

Kisha mshipa ukapasuka kichwani mwa Gofaone akiwa shuleni, mkoba begani. Mkoba ulirudi nyumbani na vitu vingine. Wanawake waliokuja msibani walifanya kama wanavyofanya kwa kila marehemu: waliingiza chumbani nguo zake, viatu vyake, vyombo vyake na mkoba wake, na mjomba wa marehemu, mzee Keoagile, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni mwa koti. Vitu vya aliyekufa havishikwi mpaka siku ya kuvua weusi wa maombolezo, vitakapofuliwa na kugawiwa mbele ya ukoo. Hakuna aliyefungua mkoba kuangalia kilichomo. Mkoba wa marehemu haufunguliwi.

"Shemeji, mtoto wako anabisha hodi kwa marehemu," alisema Sadi, mdogo wake Gofaone, aliyebaki kuwapikia. "Majirani wakiona, tumekwisha."

"Habishi hodi. Anataka kishikwambi."

"Si umnunulie kingine?"

"Kingine hakina sauti ya dada yako."

Sadi aliacha kukoroga uji. Kisha akaendelea kukoroga, kwa nguvu zaidi kuliko uji ulivyohitaji.

Olebile hakuwa amezoea kukaa nyumbani. Alifanya kazi kwenye geti la mifugo, mwendo mrefu magharibi mwa kijiji, ambako magari yote husimamishwa, abiria hushuka kukanyaga zulia lenye dawa, na nyama mbichi haivuki kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Aliishi huko kwenye kibanda cha bati na kurudi mwisho wa mwezi. Sasa mkuu wake alikuwa amemwambia asije mpaka avue weusi. Malori ya ng'ombe yalipita pale, na wafugaji walisema nyayo za mgane huharibu mimba za ng'ombe. Olebile hakuamini jambo hilo. Hata hivyo alikubali, maana ng'ombe hawakuwa wake. Alishona kitambaa cheusi kwenye mkono wa shati, akakaa.

Katika kukaa huko aligundua jambo ambalo angeweza kuligundua zamani kama angeliangalia. Alipomwita Wame, Wame hakugeuka. Alipompa mkono, mtoto aliuzunguka kama anavyozunguka mguu wa meza. Hakumchukia wala kumwogopa. Alimfahamu kama watu wanavyomfahamu mgeni wa mwisho wa mwezi.

Mgane haingii katika nyua za watu, kwa hiyo alimtuma Sadi kwa mzee Keoagile. Mzee alikuja mwenyewe jua lilipoanza kupasha joto, amevaa koti zito la baridi na kubeba kiti chake cha kukunja, kama anayekwenda barazani kwa chifu. Alikifungua uani, akakaa, akakubali chai.

"Nimesikia unataka kuvunja nyumba," alisema.

"Sitaki kuvunja, mjomba. Ninaomba ufungue wewe mwenyewe, utoe kitu kimoja, ufunge."

"Kitu kimoja." Mzee alipuliza chai. "Nikuulize, Baba Wame. Binti yangu alipoolewa nilipita getini kwako na mguu wa mbuzi. Ulinifanya nini?"

"Niliuchukua."

"Ukaupeleka wapi?"

"Nikauchoma."

"Macho yangu yanaona, na harufu inanipiga puani, na mimi sijala tangu alfajiri. Nikakuambia, mkwe, ni mguu mmoja tu. Ukanijibuje?"

Olebile alitazama chini. "Nilisema kila gari lina mguu mmoja tu."

Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Neno hilo nimelisimulia kila arusi niliyokwenda. Watu wanalipenda. Sasa sikiliza. Mle ndani kila mtu ana mguu wake mmoja. Mama mkwe wako analitaka blanketi la mistari. Binamu yake anayeishi Kanye anaulizia cherehani. Huyu Sadi anataka viatu vyekundu. Usitikise kichwa, Sadi, nakujua tangu unanyonya."

"Mimi sijasema kitu, mjomba."

"Macho yamesema. Nikifungua leo kwa kitu kimoja, kesho nitafungua kwa blanketi, na siku ya kugawa nitagawa ukuta."

"Kishikwambi si cha marehemu. Ni cha mtoto."

"Kilikuwa mkobani mwa nani?"

Olebile alimwongezea chai.

"Halafu kuna jingine," mzee alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Naambiwa kinasema kwa sauti yake."

"Kinataja majina ya vitu. Ni kama redio, mjomba."

"Redio haijawahi kuniambia njoo. Hiki kinamwambia mtoto njoo, na anayesema udongo wa kaburi lake bado ni mbichi. Mtoto akiitwa na mama yake huenda. Wewe umesoma, utasema hakuna kitu kama hicho. Sawa. Mimi nitakaa na ufunguo wangu."

Alimaliza chai, akakunja kiti. Wakati anatoka alimpita Wame mlangoni pa nyumba, akasimama, akamtazama mtoto anavyobonyeza ubao. Alitazama kwa muda. Kisha akaenda zake.

Olebile alijaribu kumkasirikia na hakufanikiwa. Hoja ya mzee ilikuwa hoja yake mwenyewe. Getini hakuchoma nyama kwa sababu kila kipande kina ugonjwa. Alichoma kwa sababu hakuna njia ya kuruhusu kimoja na kuzuia kinachofuata. Aliliamini hilo bado.

Akaanza kutafuta njia nyingine. Alikata maboksi, akachora maji, mkate, ndizi, choo. Uchoraji wake haukuwa mbaya. Aliziweka kadi sakafuni mbele ya Wame, akagusa moja na kusema "maji", akanywa maji, akagusa tena. Wame alizipanga kadi kwa ukubwa, akazisukuma kando. Kadi hazikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa ndani ya hesabu ya mtoto.

Mwalimu Tshepiso wa kitengo alisikia, akaja na kishikwambi cha shule chenye michezo ileile. Alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alimwelekeza Olebile jinsi ya kurekodi. Olebile naye aliingia ndani ya gari, akafunga vioo, akasema maneno. Aliyarudia mara nyingi, maana kila alipojisikiliza alisikia mtu anayeuliza dereva ana mzigo gani.

Wame aligusa maji. Sauti ya baba yake ikasema maji. Akagusa tena. Akakigeuza kifaa, akatazama nyuma yake, akakiweka sakafuni taratibu kioo kikiwa chini, akaenda mlangoni kubonyeza ubao.

"Mpe muda," alisema mwalimu.

"Muda gani?"

"Sijui. Wengine huzoea. Wengine hawazoei sauti ya pili kabisa."

Olebile alishukuru kwa jibu hilo, kwa kuwa halikuwa na sukari. Lakini muda ulipita na mtoto akarudi nyuma. Aliacha kwenda choo. Alikunywa uji tu, akakataa vingine. Alipokuwa na kiu alilia, na alipokuwa na maumivu alilia vilevile, na baba yake alizunguka jikoni akiinua kikombe, mkate, ndizi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayejaribu funguo. Mtoto aliuma kifundo cha mkono wake mpaka pakafanya kidonda. Sadi alikifunga kitambaa. Wame akauma mkono wa pili.

Siku ya kuvua weusi ilipofika, ua ulijaa tangu asubuhi. Wanawake walifua nguo za Gofaone kwenye mabeseni na kuzianika kwenye uzio. Vijana walipika nyama kwenye sufuria za miguu mitatu, wakaitwanga mpaka ikawa nyuzi. Olebile alinyolewa. Kitambaa cheusi kilikatwa kwenye shati lake na kutupwa motoni. Mzee Keoagile alikaa kwenye kiti chake, akagawa kimoja kimoja kwa kutaja jina, na hakuna aliyebisha. Blanketi la mistari lilikwenda kwa mama mkwe. Cherehani ilikwenda Kanye. Viatu vyekundu vilikwenda kwa Sadi, na vilikuwa vidogo, akavikumbatia hivyohivyo.

Mkoba ulikuwa wa mwisho. Mzee aliufungua mwenyewe, akatoa kitana, mafuta ya mdomo, funguo za shule, kisha kishikwambi chenye ganda la mpira la kijani lililotafunwa pembe moja. Alipitisha kidole pale palipotafunwa. Alama za meno zilikuwa ndogo.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

Watu walitazamana. Sadi ndiye aliyejibu. "Cha Wame, mjomba. Dada alikuwa anambebea tu."

Mzee alikifuta vumbi kwa mkono wa koti. "Basi nilifunga na kitu cha aliye hai," alisema. Alitafuta kwa macho, akamwona Wame ukutani, akainuka kwenye kiti chake kwa shida na kumpelekea kwa mikono miwili kama apewavyo mtu mzima. Mtoto alikichukua bila kumtazama. Mzee akamgeukia Olebile. "Kuhusu sauti iliyomo, nyumba ni yako. Mimi sikuambii ufute, sikuambii uache."

"Msikiwashe kwanza," alisema mama mkwe, akikunja blanketi. "Nisubirini niondoke."

Walimsubiri. Aliondoka haraka kuliko umri wake ulivyomruhusu, na wengine wakamfuata, wengi wao wakiwa bado hawajala.

Betri ilikuwa imekufa. Olebile alikichomeka kifaa kwenye umeme, na Wame akakaa karibu na waya mpaka kioo kilipowaka. Akagusa maji.

"Maji," alisema Gofaone ndani ya nyumba.

Sadi alikuwa ameshaanza kumimina. Mtoto akanywa, akagusa mkate, akaletewa, akala, akagusa mkate tena. Alikula vipande vinne akiwa amesimama. Olebile aliegemea ukuta. Alikuwa amejiandaa kwa sauti ile na maandalizi hayakumsaidia kitu, lakini mtoto alikuwa anakula, na hilo ndilo alilokuwa ameliomba. Kwa muda wa kula ule mkate, jambo lilionekana limekwisha.

Baadaye Wame alikibeba kifaa mpaka chumba kile. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palibaki kitanda kisicho na shuka na kabati tupu. Alikaa sakafuni, akasogeza picha kwa kidole mpaka akapata aliyoitaka, picha ya Gofaone mwenyewe amesimama kwenye uwanja wa shule, jua likimfanya afinye jicho moja.

"Mama," ilisema sauti.

Wame akatazama mlangoni, akasubiri. Akagusa tena.

Alifanya hivyo jioni ile na siku iliyofuata na nyingine. Hakuwa analia. Aliomba kwa utaratibu uleule aliofundishwa: gusa, subiri, gusa. Maji yaliletwa, mkate uliletwa, nje alipelekwa, mama hakuletwa. Siku ya nne akaanza kupiga kioo kwa kiganja. Akaacha kugusa maji, kama mtu aliyeanza kulitilia shaka duka lote kwa sababu ya bidhaa moja.

"Mzee alisema," Sadi alinong'ona jikoni. "Alisema anaitwa."

"Haitwi. Yeye ndiye anayeita," Olebile alisema.

"Basi ifute hiyo picha, shemeji. Utamuua."

Mtoto aliposinzia mchana, Olebile alikichukua kifaa akakipekua chote ili ajue afute nini. Alikuta ndoo, mbuzi, kuku, sabuni, gari la shule, Sadi akicheka, bibi. Picha yake mwenyewe hakuikuta. Alitafuta mara mbili, kwa sababu mara moja haitoshi kuthibitisha kwamba kitu hakipo. Gofaone alikuwa ameweka yale ambayo mtoto angeweza kuyaomba na kuyapata. Olebile hakuona kosa katika mpango huo.

Akampigia simu Mwalimu Tshepiso.

"Usifute," alisema mwalimu. "Ukifuta atadhani imepotea, ataitafuta kila ukurasa. Kuna mstari mwekundu. Unashikilia picha, unachagua mstari, nao unakaa juu ya picha. Biskuti zikiisha ndivyo tunavyofanya. Akigusa, kifaa kinamwambia hakuna. Wame anaujua mstari. Mama yake alimfundisha, ilichukua muhula mzima, mtoto alituvunjia kiti."

"Na hilo neno hakuna, nalirekodi mimi?"

"Lipo tayari, Baba Wame. Alilirekodi yeye pamoja na mengine."

Olebile alibadilisha simu sikio. "Ataelewa?"

"Ataelewa kwamba haletwi. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kitu. Akinyamaza unaweza kudhani ameelewa, kumbe amechoka. Kwa nje vinafanana."

"Asante, mwalimu."

"Kaa naye karibu ukifanya."

Alirudi chumbani. Wame alikuwa ameamka na kukaa mahali pake, miguu imenyooka, akisubiri kifaa. Olebile alipiga magoti kando yake, akashikilia picha kwa kidole gumba. Orodha ndogo ikafunguka. Alichagua mstari. Ukakaa juu ya Gofaone kutoka bega mpaka goti, mwekundu, mnyoofu, na nyuma yake jicho moja bado limefinywa. Akamrudishia mtoto.

Wame akagusa.

"Hakuna," alisema Gofaone, kwa sauti ile ya kuogeshea.

Mtoto akatulia. Akagusa tena, polepole zaidi.

"Hakuna."

Alipitisha kidole juu ya mstari, kutoka juu kwenda chini, kama anayefuta vumbi. Mstari haukutoka. Akakilaza kifaa mapajani, akatazama kabati tupu. Olebile alisubiri mtoto amtazame, japo kwa bahati mbaya. Alijua hakuna sababu ya kulitegemea hilo. Nje mtu alikuwa anaswaga punda, akimtukania mama yake, na punda akigoma.

Muda ukapita. Wame akakiinua kifaa, akasogeza ukurasa, akagusa maji.

Olebile aliinuka, akaenda bombani uani, akasuuza kikombe, akajaza, akarudi. Mtoto akakipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akakinyoosha kikombe kitupu upande alikosimama mtu. Olebile akakichukua. Akabaki nacho mlangoni. Kwenye kioo, chini ya kidole cha binti yake, palikuwa na picha ya kumwambia mtu kaa na picha ya kumwambia nenda, zimekaribiana. Wame hakugusa hata moja.